Pete ya Pili Mlangoni

Jumapili, kambini

Nafula mama,

Barua hii nimempa Shiundu wa bodaboda akuletee kesho asubuhi kabla gari la Taveta halijapakiwa. Akikukuta umeshapakia, mwambie dereva asubiri. Soma yote. Najua mwandiko wangu unachosha, mimi niliachia shule darasa la sita, lakini safari hii usiruke mistari.

Siwezi kuja kukuaga. Nyapara anaita majina mapema, na mzee wa umri wangu akikosa siku moja tu, mistari yake ya mkonge anapewa kijana. Hilo unalijua. Usilolijua ni kwamba hata ningepewa ruhusa, nisingeweza kukuambia haya tukitazamana. Nilijaribu. Jana Jumamosi nilikuja nyumbani kwa sababu hiyo, nikarudi kambini nikiwa nimekudanganya mara moja zaidi.

Uliniachia karatasi ya maswali kuhusu vyumba unavyojenga Taveta. Nimeisoma mpaka imelainika kama kitambaa. Uliuliza diposti iwe ya mwezi mmoja au miwili, mita ya maji iwe moja au kila chumba na yake, choo kiwe ndani au nje, na kama ni vizuri kupangisha watu wa kwetu. Haya mengine utayajua ukiwa huko. Nitasema tu kwamba tangi la maji uliweke ndani ya ukuta, kwa sababu huko kwako, upande ule wa Salaita, ndovu wakinusa maji hawaulizi ni ya nani. Na usitegemee wapangaji wa aina moja. Wajenzi wa reli walipomaliza kazi hapa Voi, kuna wenye ploti waliobaki na vyumba ishirini vitupu ndani ya wiki moja, na deni la saruji likiwa palepale. Wewe umenunua ploti kabla hujanunua kitanda. Sikucheki. Mimi pia nilifanya hivyo.

Swali lako la mwisho ndilo lililonikosesha raha. Uliandika: "Baba, na asiyelipa nimfanyeje?" Uliandika kwa kalamu nyekundu. Nilitaka kukujibu kwa maneno mawili matatu, basi. Halafu jana, nikitoka stejini, nilipita kwa yule fundi wa kuchomelea nikaona milango yako sita imesimamishwa ukutani, imeshapakwa rangi ya kijivu. Fundi akafurahi kuniona.

"Mzee, huyu binti yako ana kichwa! Alinionyesha picha kwenye simu akasema, nataka kama milango ya baba yangu, usiongeze, usipunguze."

Nikaangalia. Kila mlango una pete mbili za kufuli. Moja ya mpangaji, moja ya juu yake.

"Hii ya pili ulimwekea ya nini?" nikamuuliza.

"Wewe mwenyewe si unajua, mzee," akasema, akacheka.

Ndiyo, najua. Keti sasa, mama, nikueleze.

Unakumbuka tulivyojenga. Ulikuwa mdogo lakini ulikuwa unabeba maji kwa mtungi wa lita tano na kumwagia nusu miguuni. Vyumba vinne, kimoja chetu, vitatu vya kupangisha. Sikuwa na pesa za kibarua. Aliyenisaidia ni Barasa, yule aliyekuwa anakuita "shemeji" mpaka unakasirika. Kwao na kwetu tunatenganishwa na mto tu. Alikuja Voi kwa sababu mimi nilimwambia kuna kazi ya kupakia marobota ya mkonge. Jumapili kumi na kitu alichanganya saruji nami, na sikumlipa zaidi ya chai na ugali. Siku ya milango, yeye ndiye aliyeushika mlango wa chumba namba nne ukichomelewa. Aliushika kwa gunia lililoloweshwa maji ili chuma kisimuunguze.

Akaniuliza, "Hii pete nyingine ya nini?"

Nikasema, "Ya wasiolipa."

Akacheka. "Basi mimi nitakuwa nalipa mapema."

Na chumba hichohicho namba nne ndicho alichopanga.

Alilipa mapema kweli, karibu miaka mitatu. Kisha ukaja ule mwaka ambao mishahara ya kambini ilichelewa. Mwezi mmoja, ikawa miwili. Nataka uelewe vizuri: mimi na Barasa tulikuwa tunasimama kwenye foleni moja, tukiambiwa na karani yuleyule turudi Ijumaa. Hakuna mtu Voi nzima aliyejua vizuri kuliko mimi kwa nini Barasa hakulipa kodi. Sikuwa na kisingizio cha kutojua.

Lakini nilikuwa na deni la mabati, na wewe ulikuwa kidato cha kwanza. Nakuandikia hili ili usije ukalisikia kwa mtu mwingine: nilipoulizwa kwa nini nilimfungia Barasa mlango, nilisema ni kwa ajili ya karo yako. Nililisema mbele za watu. Haikuwa kweli, au ilikuwa kweli kidogo tu, na wewe usilibebe hata siku moja. Ukweli ni huu ninaokuja kuuandika.

Mama Mghoi wa chumba namba mbili, yule mama wa kutoka milimani aliyekuwa akiuza maharagwe, alichelewa kodi wiki moja nikamgombeza bombani. Akanijibu kwa sauti ya kusikika na ploti ya jirani.

"Baba Nafula, mimi wiki moja umenipigia kelele. Wa kwenu miezi miwili anakunywa chai nyumbani kwako. Sisi ndio wa kubanwa, wao ni wa kubembelezwa?"

"Hakuna wa kwetu hapa," nikasema. "Hapa kuna wapangaji."

"Aya, tutaona."

Hilo "tutaona" ndilo lililoniingia. Siku zote nilipokuwa mpangaji mwenyewe, nilipangishwa na watu waliowapendelea watu wao, nikawachukia. Niliapa nikijenga yangu sitakuwa hivyo. Kwa hiyo nikaona lazima nionyeshe. Na ningeonyesha kwa nani kama si kwa Barasa? Nilimchagua kwa sababu alikuwa wa kwetu. Nilijiona mtu wa haki sana siku ile nilipopitisha kufuli yangu kwenye pete ya pili, akiwa kazini, Mama Mghoi akinitazama.

"Sasa nimeamini," akasema, akarudi kwenye maharagwe yake.

Barasa alirudi jioni akaikuta. Hakugomba. Alikuja bombani watu wakiwa wanateka maji, akanivuta kando kidogo, lakini si mbali vya kutosha.

"Ndugu yangu, nifungulie dakika moja nichukue kitu."

"Kitu gani?"

"Kitu tu."

"Kitu hakina jina?"

Watu wakacheka. Mama Mghoi akadakia, "Labda amemficha mke humo!" Wakacheka zaidi. Barasa naye akacheka, mama. Nakumbuka meno yake. Kisha akaondoka, akaenda kulala hapa kambini kwenye banda la majembe.

Siku ya tatu akaja tena. "Baba Nafula, kile kitu."

Nikamwambia kitu kitatoka pamoja na kodi. Akasema, "Nikilipwa Ijumaa nakuletea yote." Nikamwambia basi na kitu tutakiona Ijumaa.

Siku ya tano mama yako aliniambia nikiwa nakula, "Mfungulie huyo mtu." Alisema hivyo tu. Nikamwuliza kama yeye ndiye atakayelipa mabati. Akachukua sahani yangu kabla sijamaliza.

Mara ya tatu Barasa alikuja akasimama tu getini. Uso wake ulikuwa umevimba kidogo chini ya macho. Nilidhani ni ulevi, ingawa sijawahi kumwona amelewa. Hakuniomba. Nadhani alikuwa anangoja nimuulize anaendeleaje, anakula wapi, lolote. Nilikuwa nafunga tairi la baiskeli. Nilipoinua kichwa alikuwa ameshakwenda.

Siku ya kumi na moja alianguka akipakia lori. Nilikuwepo, mistari kumi hivi kutoka barabarani, nikasikia watu wanaita. Mdomo ulikuwa umekwenda upande. Alinitazama, na jicho moja halikuwa linafunga. Tulimpeleka hospitali kwa lori lilelile, juu ya marobota. Alikaa siku mbili bila kusema neno, akafa.

Sasa sikiliza kuhusu kufungua chumba, kwa sababu hapo ndipo nilipojua nilichofanya.

Unajua utaratibu wetu. Mtu wa kwetu akifia huku, watu wa nyumbani hukusanyika, mwili husafirishwa, na vitu vyake vya mkononi lazima viende naye: kiti chake, kikombe chake, nguo. Haviachwi kwenye nyumba ya kupanga. Kaka yake, Makokha, alikuja kwa basi. Mchana saa nane tukaenda ploti, watu kama kumi na watano, mwenyekiti wa kikundi chetu cha watu wa nyumbani mbele. Mimi nilikuwa nyuma. Nilikuwa nimepanga kwenda kuitoa ile kufuli asubuhi kabla hawajafika. Nilitumwa kutafuta gari, nikachelewa. Au nilijichelewesha, sijui. Nilitembea kwa miguu mahali ambapo pikipiki ni shilingi hamsini.

Makokha akasimama mbele ya mlango. Akaishika kufuli ya kwanza.

"Hii ni ya ndugu yangu. Ufunguo wake tumeukuta mfukoni mwake." Akaishika ya pili. "Na hii ni ya nani?"

Wote walijua. Mama Mghoi alikuwa mlangoni kwake na kanga mdomoni. Nilitia mkono mfukoni, na ule ufunguo mdogo, mama, ulilia kwenye sarafu kama kengele.

Makokha alinitazama nikija mpaka nikafika.

"Kwa hiyo ni wewe," akasema. "Kwenye simu alituambia anaishi kwa ndugu."

Hakunipiga. Nilitaka anipige. Nikafungua. Ndani kulikuwa na joto la mabati na harufu ya mafuta ya taa. Godoro limekunjwa, jiko, kiti cha kukunja, shati la Jumapili kwenye msumari. Juu ya meza kopo la majani ya chai. Makokha akalifungua akidhani ni majani. Zilikuwa dawa za presha na kadi ya kliniki, tarehe zote zimepigwa mhuri, hajakosa hata moja kwa miaka miwili. Zilizobaki zilikuwa za mwezi mzima.

Hicho ndicho kitu.

Hakukitaja kwa sababu bombani walikuwapo watu wa kambini, na mpakiaji akijulikana ana presha, kesho yake nyapara hamwiti. Kazi ingekwisha, na ile kodi asingeilipa kamwe. Alikuwa anailinda kodi yangu.

Daktari alisema ingeweza kutokea hata kama angemeza dawa kila siku, kwa kazi ile na jua lile. Nimeyashikilia maneno hayo miaka tisa. Hayajawahi kunibeba hata hatua moja.

Makokha alinipa godoro nibebe mpaka kwenye gari, nikabeba. Aliporudi kufunga mlango aliichukua kufuli yangu, akaniwekea kiganjani, akakunja vidole vyangu juu yake kama mtu anayempa mtoto nauli. "Hii ni yako," akasema. "Usiisahau."

Sikwenda kumzika. Mama yako alikwenda na mwili mahali pangu. Wewe ulikuwa shuleni, tukakuambia kwamba amekwenda kulima kwa sababu shamba lilihitaji mtu. Nafula, shamba halikuhitaji mtu. Mama yako alikataa kurudi kulala kwenye ploti ile. Kila Desemba uliponiuliza kwa nini hatwendi nyumbani nikasema nauli imepanda, hiyo pia ilikuwa uongo. Njia ya kwetu inapita mbele ya boma la akina Barasa. Nimekwenda mara mbili tu, na mara zote mbili nilizunguka na barabara ya juu, kilomita sita za ziada, mtu mzima anajificha ili mama mzee wa boma hilo asimuone.

Na chumba namba nne, nilichokuambia kinavuja, paa lake halijawahi kuvuja. Ulinigombeza sana kwa kile chumba, kwamba nakalia pesa. Nimeweka humo makaa na mbao kwa sababu siwezi kumpa mtu mwingine ufunguo wake nikamwangalia akifungua.

Sitaki kukudanganya kwamba ukiwa mwema utalipwa. Mama Mghoi, ambaye baada ya siku ile sikumgombeza tena, alihama na kodi yangu ya miezi mitatu nikiwa kambini. Wapo watakaokulilia huku wana pesa. Wapo watakaokuvunjia sinki na kukuambia walilikuta hivyo. Hii biashara ndogo ya vyumba sita haina nafasi ya mtu kukosea, na hiyo ndiyo inayotufanya tuwe wakali: mwenye ghorofa akikosa mpangaji mmoja hajui, wewe ukikosa mmoja utalala njaa. Najua. Bado nakuambia, asiyelipa kaa naye mchana, mahali ambapo hakuna masikio mengine, umuulize kuna nini, halafu unyamaze mpaka ajibu. Mpe notisi ya maandishi. Akishindwa, nenda kwa chifu, na chifu akishindwa ipo ofisi ya serikali inayosikiza mambo ya wenye nyumba na wapangaji. Mimi niliambiwa baadaye kwamba sheria hairuhusu kumfungia mtu vyombo vyake hivihivi. Ikishindikana kabisa, mwache aende na vitu vyake vyote, ukose hiyo kodi. Ikose tu. Utakasirika miezi miwili, kisha utapata mwingine.

Kuhusu kupangisha watu wa kwetu, sina jibu. Nimekaa na hilo swali leo tangu watu watoke kanisani. Wapangishe, usiwapangishe. Ila usije ukamtumia mtu wako kuwaonyesha wengine kwamba wewe ni mtu wa haki.

Jana uliporudi kutoka sokoni ulinikuta naosha mikono, ukaniuliza huu unga wa chuma kwenye suruali umetoka wapi. Nikasema nilikuwa nanoa jembe. Hakukuwa na jembe. Kesho kabla ya kuondoka, wakati unawaaga wapangaji, angalia mlango wa chumba namba mbili, wa namba tatu, na wa namba nne. Utaona alama nyeupe mahali pete ya juu ilipokuwa. Miaka tisa nimezipita kila mwisho wa mwezi zikiwa hapo. Sikuwahi kuzitumia tena, lakini sikuzikata pia. Sijui nilikuwa naziwekea nini. Ilibidi nione zako ndipo nikanunua msumeno.

Msumeno wenyewe Shiundu anao, umefungwa kwenye gunia pamoja na mahindi mabichi ya njiani. Nimeutia meno mapya. Mwambie dereva apitie kwa fundi, na usimwachie fundi akate, kata wewe mwenyewe, zote sita, kabla mlango hata mmoja haujapanda gari. Fundi atakuambia unaharibu rangi. Mwache aseme. Wapangaji wako watakuja Taveta na vitu vyao visivyo na jina, na siku moja utakuwa na hasira na deni, na mkono wako utaitafuta hiyo pete. Nataka usiikute.

Nimepima. Pete moja inakatika kwa muda wa chai kuchemka. Kufungua kufuli hakufiki hata hapo, ni kuzungusha mkono mara moja.

Mimi nilikuwa na siku kumi na moja.

Baba yako